Tunaomba Buibui

Siku zile ukitaka kuongea na Lameck Ndahani, usimwendee kwa mbele. Pita upande wake wa kulia, inama kidogo, sema polepole, halafu nyamaza usubiri, kwa maana maneno yalimfikia kwa kuchelewa na yeye hakuwa na haraka nayo. Usirudie mara mbilimbili, atadhani unamfokea. Mimi nilikuwa namfokea kweli. Naitwa Dorkasi, nauza mlenda mkavu na ubuyu pale sokoni Majengo, Dodoma, na mchana ukigeuka nafunga meza naenda kupiga ngoma na akina mama wenzangu kwenye ukumbi wa kanisa letu la mjini. Mdomo wangu haujapumzika tangu nilipoota meno. Lameck alishawahi kusema mimi ndiye mtu pekee anayemsikia bila kujitahidi, na mpaka leo sijui kama alinisifu.

Ni mtu wa Kongwa. Alikulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na huko nyuma ya ng'ombe ndiko alikojifunza marimba, ile ya kwetu Wagogo tunayoiita ilimba: sanduku la mti lililochimbwa ndani, juu yake vyuma vyembamba vimepangwa, unaliegemeza tumboni na kuvitekenya vile vyuma kwa vidole gumba. Ya kwanza alijichongea mwenyewe. Vyuma alivitoa kwenye mwavuli wa shangazi yake, na anasema kipigo alichopata siku mvua iliponyesha bado anakisikia vizuri kuliko redio.

Alipokuwa mtu mzima akaja mjini, akaoa, akajenga Mkonze pembeni ya mji, akapata kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto. Mnauona mji huu unavyoota maghorofa? Kokoto zake nyingi zilipita mbele ya Lameck, na kila iliyopita iliondoka na kipande cha masikio yake. La kushoto lilifunga kabisa. La kulia likabaki wazi kidogo tu, kwa hisani ya Mungu. Akaiacha mashine, akarudi kwenye marimba. Watu wakasema jamani, kiziwi gani huyu anachonga muziki? Yeye hakuwasikia, akaendelea kuchonga.

Kanisa letu lipo katikati ya mji, limebanwa na maduka ya vifaa vya ujenzi upande mmoja na wauza simu upande wa pili. Nyuma yake kuna ukumbi wa mawe wa siku nyingi. Mchungaji Yudith alipohamishiwa kwetu aliukuta umelala Jumatatu hadi Ijumaa, unaamka kwa harusi na vikao tu. Akawaona wachora picha wanabanikwa na jua kwenye baraza za maduka, wanafukuzwa wateja wakija. Akawaona wapiga zeze wanafanyia mazoezi stendi, kwenye moshi wa mabasi. Akawauliza wazee wa kanisa swali moja tu: Mungu aliyewapa hawa vipaji, ndiye aliyewanyima pa kukaa? Wazee wakatazamana, wakakohoa, ukumbi ukafunguliwa.

Nisiwafiche, nilipenda mchana wa mle ndani kuliko kitu chochote katika uzee huu unaoninyemelea. Upepo wa Dodoma unaingia na vumbi lake, vumbi linaelea kwenye mwanga wa madirisha ya juu na halitui. Harufu ya rangi inachanganyika na harufu ya mti uliochongwa. Mahali fulani mtu anaujaribu uzi wa zeze, anaurudia, anaurudia tena. Sisi akina mama tumebana ngoma zetu mapajani, hatujaanza kupiga, tunasinzia. Kisha kutoka kona ya magharibi inakuja marimba ya Lameck, chini kwa chini, nami nadhani ni nyuki wamehamia kwenye paa la nyumba tuliyokuwa tukiishi nikiwa mtoto, nageuka kumtafuta mama nimwambie. Mtu wa umri wangu! Nilikuwa najikuta nimegeuza shingo kweli, na mwenzangu Evelina ananitazama.

Uvumi huo wa nyuki ndio roho ya ilimba. Chuma peke yake hulia kikavu. Lakini kwenye uso wa sanduku Lameck hutoboa tundu dogo, kisha hulifunika kwa kile kikaratasi cheupe cha mviringo ambacho buibui wa ukutani hufunikia mayai yake. Yeye hukiita ngozi ya buibui. Husubiri mpaka watoto watoke waende zao, ndipo anakibandua kwa wembe na kukibandika kwa nta. Chuma kikipigwa, ngozi inatetemeka, na sauti zinakuwa mbili: ya chuma na ya mvumo. Ile ya chuma Lameck alikuwa haisikii tena. Ya mvumo ilipita tumboni, ikapanda kwenye mifupa ya kifua, ikaingia kwenye lile sikio la kulia kwa njia za panya.

Na ukuta wa magharibi wa ukumbi ule, wa mawe na udongo, ambao haukuwahi kupigwa lipu, ndio uliokuwa na ngozi hizo kwa wingi. Ndiyo maana alikaa kona ile. Sisi tulidhani anapenda kivuli.

Basi kanisa likamwomba achonge marimba moja kubwa ya ukumbi, ya kubaki pale kwa yeyote atakayetaka kujifunza, ipigwe siku ya kuuzindua ukumbi rasmi kuwa nyumba ya wasanii. Lameck akatafuta mninga, akachimba sanduku, akaponda vyuma, akavipanga. Ilibaki kuvipatanisha, yaani kukisogeza kila chuma mbele na nyuma kwa nyundo ndogo mpaka kikae kwenye sauti yake. Hapo ndipo sikio linapotakiwa. Na hospitali walikuwa wameshamwambia kwamba hata la kulia linafunga. Lini, hawakujua.

Aliniambia siku moja tukifunga mlango wa ukumbi, kwa ile sauti yake ya juu isiyojijua.

"Dorkasi, nataka niisikie hii ikiwa imekamilika. Mara moja tu. Baada ya hapo masikio yakitaka kwenda, yaende."

Wapita njia waligeuka kututazama. Mimi nikajifanya natafuta ufunguo ambao nilikuwa nimeushika mkononi.

Sasa, aliyeharibu mambo alikuwa mtu mwema kuliko sisi wote. Anaitwa Elisante, katibu wa kamati ya sanaa ya kanisa, Mchaga, mtumishi wa serikali aliyekuja na wizara yake wakati ofisi zilipohamia huku. Msafi yule! Hata viatu vya kufanyia usafi anavipiga kiwi. Anawapenda wasanii kwa moyo wake wote, maana mwenyewe alitaka kuwa mchoraji na baba yake akamwambia asome uhasibu. Akaona ukuta ule mchakavu, wenye vumbi na madoa meupe, akaona haya kwamba kanisa linawaweka watu wenye vipaji mahali pa namna hiyo. Akapanga zawadi ya kushtukiza.

Lameck alikuwa amekwenda Kongwa kwenye harusi ya binti wa kaka yake, na mimi nilikuwa nimelala na homa, ndiyo maana mnaona naongea kwa uhuru. Washarika walijitokeza kwa wingi. Walipiga lipu, wakapaka rangi nyeupe, wakapuliza dawa ya wadudu kila pembe hadi kwenye dari. Wazee wenye magoti mabovu walipanda ngazi. Akina mama walipika chai kwa masufuria makubwa. Walioshuhudia wanasema ilikuwa siku nzuri sana.

Wasanii waliporudi, ukumbi ulikuwa unang'aa mpaka unaumiza macho. Wachora picha walishangilia. Lameck alisimama mlangoni kidogo, akaenda kwenye kona yake, akaweka kiganja juu ya ukuta mweupe, akakiburuta taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa kona. Kisha akamgeukia Elisante akamshukuru. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru tena. Ungekuwa wewe ungesema nini? Watu wamekupa jasho lao, wamesimama mbele yako wakisubiri uso wako ufurahi. Aliufurahisha uso wake, akakaa chini.

Mimi niligundua kwa sababu sikusinzia. Nilirudi baada ya homa, nikabana ngoma yangu, nikangoja ule usingizi wangu mtamu, haukuja. Kutoka kona ya magharibi ilikuja sauti ya vijiko kwenye sahani. Nikamwendea Lameck upande wa kulia. Pembeni yake alikuwa na maganda ya kitunguu, karatasi za sigara, vipande vya nailoni, vyote amevikata mviringo, na ilimba yake ya zamani imechanika ngozi. Marimba ya kanisa ilikuwa kama alivyoiacha, vyuma vyake havijapatanishwa. Nikamuuliza ngozi ziko wapi, akanyoosha kidevu kuelekea ukutani.

Alikuwa ameshahangaika peke yake bila kumwambia mtu. Huko Mkonze nyumba zote sasa ni za tofali na rangi, zimepuliziwa dawa. Tembe, ile nyumba ya udongo ya kaka yake Kongwa, aliyoitegemea, iliangushwa na mvua. Kuhusu maganda ya kitunguu na nailoni alisema maneno machache tu: inaongea, ila haiongei na mimi. Akaniomba nisiseme kwa Elisante. Akasema mtu amekupa zawadi, halafu umwambie zawadi yako imeniua?

Nikasema, sawa, sitasema. Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Mchungaji Yudith, Elisante yupo, nikasema yote. Samahani, lakini mimi siri ya namna ile hainikai. Nilimgombeza yule bwana, nikamuuliza kama kwao wanafagia mpaka nyuki kwenye mizinga. Alishika kichwa kwa mikono miwili, uso ukamshuka, nikaanza kumwonea huruma katikati ya kumgombeza, jambo ambalo huniudhi sana. Jumamosi iliyofuata alikuja na nyundo na tindo, akaibandua lipu ya kona ya Lameck yeye mwenyewe, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Lakini buibui haitwi kwa nyundo. Kona ilikuwa wazi, na tupu.

Mchungaji akasema tuwaulize washarika. Huenda kuna mwenye nyumba ya zamani. Elisante akajitolea kuandika tangazo, na hapo adabu yake ikamponza mara ya pili. Akafikiri hivi: ni mama gani atasimama mbele ya kanisa zima akiri kwamba kwake kuna utando wa buibui? Tutawaaibisha. Basi akafuta neno utando, akafuta neno ukuta, akafuta na ngozi kwa sababu linatisha. Kilichobaki akakisoma mwenyewe Jumapili, kwa sauti nzuri kabisa:

"Kamati ya sanaa inaomba buibui. Ziwe za zamani, zilizokaa muda mrefu bila kuguswa. Zisioshwe, zisikunjwe. Zipelekwe ukumbini kwa Mzee Lameck."

Mnaona? Angesema wawe wa zamani, kila mtu angejua ni mdudu, akamshangaa. Yeye kichwani mwake alikuwa bado anasema ngozi, kwa hiyo akasema ziwe, zilizokaa, zisikunjwe. Mimi niliyejua habari nilisikia mdudu. Kanisa zima likasikia nguo. Wakanong'onezana kwamba wasanii wanaandaa mchezo wa kuigiza, wanataka mavazi.

Na watu wetu wakipenda jambo, wamependa. Siye Wakristo mabuibui tutayatoa wapi? Wakaenda kwa majirani, kwa mawifi, kwa wafanyakazi wenzao ofisini, wakasema kanisa linawasaidia wasanii, nisaidie buibui la zamani. Wakapewa. Jumatatu nilipofika ukumbini nilibaki mdomo wazi. Kwa kuwa tangazo lilisema zisikunjwe, wale wanafunzi wa chuo wanaokuja kufanya mazoezi ya mashairi walikuwa wameyatundika yote, moja baada ya jingine, kwenye zile kuta nyeupe. Upepo uliingia, yakajaa hewa, yakapumua, yakatulia. Yalikuwa meusi na membamba, yaliyopauka kwa jua na yenye viraka mabegani, na yalinukia udi. Ilikuwa kana kwamba bibi za watu wote wa mji wamekuja kusikiliza muziki.

Katikati yao amekaa Lameck. Nilipomweleza sikioni, alicheka mpaka akaweka nyundo chini, akafuta macho, akacheka tena. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu kuta zipakwe. Elisante alisimama karibu na mlango akitamani ardhi impasukie. Kisha kicheko kikaisha, na Lameck akaishika marimba isiyo na sauti, akaitazama. Aliniambia kwamba asubuhi ile Paulina, mkewe, alimwita kutoka upande wa kulia na yeye hakusikia.

Hapo ndipo alipoingia Mwanahawa.

Mwanahawa ni jirani yangu wa meza sokoni, Mrangi wa Kondoa, anauza mtama na uwele. Tumetaniana miaka mingi. Yeye husema Mgogo hata ahera ataulizia mlenda. Mimi humwambia Mrangi ataupima kwanza mlango wa pepo kwa kibaba chake. Siku ile hakuwa na utani. Alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu kitu kimefungwa kwenye kanga. Alikifungua polepole. Lilikuwa buibui la marehemu mama yake.

Alisema habari zilimfikia sokoni, na kwamba mama yake alipenda sana watu wenye kazi za mikono, asingenyima. Mimi, bila akili, nikaanza kucheka na kumweleza: shoga yangu, wanataka mdudu, si nguo! Yeye hakucheka. Alisema haya, basi, akaanza kulikunja. Nikaona anavyopapasa kila mkunjo kwa kiganja, nikanyamaza, na mkijua ninavyonyamaza kwa shida mtajua lilikuwa jambo kubwa.

Lameck alikuwa amesimama. Alikamata bega la lile vazi kwa ncha za vidole, akaligeuza kwenye mwanga. Mgongoni, chini kidogo ya shingo, palikuwa na kikaratasi cheupe, cha mviringo, kimebandikwa kwenye nguo nyeusi.

Akamuuliza lilikuwa limetundikwa wapi. Mwanahawa akamjibu, hakusikia. Nikamvuta mkono nikamwonyesha upande wa kulia. Akainama.

"Nyuma ya mlango wa chumba cha mama," alisema. "Sijafagia mle tangu azikwe. Ukutani zimejaa."

Mimi nilijua kwa nini hafagii. Alishaniambia siku moja, mvua ikinyesha na wateja hakuna, kwamba chumba kile amekifunga. Kwamba mpaka sasa ni kama mama yuko ndani amejipumzisha, na siku atakayoshika ufagio ndipo mama atakuwa amekufa kweli. Leo alikuwa amefungua mlango kiasi cha kupitisha mkono tu, akalitoa buibui kwenye msumari, akafunga.

Alimtazama Lameck kwa muda mrefu. Akamuuliza kama atafagia.

"Sifagii, mama," Lameck alisema. "Nachukua zile ambazo wenyewe wameshahama."

Nyumba ya kina Mwanahawa iko nyuma ya soko, ya udongo, imebaki peke yake kati ya maghorofa mawili. Tulikwenda siku ileile, jua likiwa limelala upande. Tulivua viatu. Elisante alibeba marimba kwa mikono yote miwili na hakuthubutu kuvuka kizingiti. Ndani palikuwa na kitanda kilichotandikwa, mswala umekunjwa, tasbihi juu ya mto, na dirisha dogo limefungwa ila kwa ufa mmoja. Mwanga wa ufa ule uliuvuka ukuta, na kila ulipopita uliwasha doa jeupe, na jingine, na jingine, mpaka juu. Vumbi lilielea pale kama lilivyokuwa likielea ukumbini zamani. Nilihisi usingizi wangu unarudi, nikiwa nimesimama.

Lameck hakuhitaji kuambiwa atembee polepole. Alichagua, akapitisha wembe, akaipokea ngozi kwenye kiganja, akaipulizia pumzi yake ilainike. Aliilainisha nta kwa kidole gumba. Alipoziba tundu aliketi sakafuni, akaiegemeza marimba tumboni, akapiga chuma kimoja.

Chumba kikavuma.

Sina namna ya kuwasimulia uso wake. Alifumba macho, akapiga tena kilekile, akaanza kulia bila sauti, huku kidole kinapiga. Mwanahawa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono kwenye mto wa mama yake. Baadaye kidogo akasema, si kwetu, kwamba mama yake alikuwa akivuta uradi mchana wa saa kama hizi, midomo imefungwa, sauti inatoka kifuani, na kwamba ilikuwa hivi, ilikuwa hivi hivi. Mimi nililia kwa sauti, sijali. Hata yule wa mlangoni nilimsikia anapenga kamasi.

Marimba ile ilipatanishwa mle chumbani. Mwanahawa ndiye aliyesema, kwa nini aibebe, aje. Basi kila mchana Lameck alikuja kutoka Mkonze, akavua viatu, akakaa sakafuni na nyundo yake, akapiga, akasogeza, akapiga, akasogeza. Mwanahawa alikuwa akifunga meza mapema kuja kuketi ukingoni mwa kitanda. Siku moja nilimkuta amefungua dirisha. Siku nyingine alikuwa amefua mashuka. Ukuta hakuugusa, na hakuna aliyemwambia auguse wala asiuguse.

Chuma cha mwisho kilipokaa, Lameck alitufanyia ishara tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea. Akaipiga yote, kutoka chini hadi juu, halafu wimbo mzima, ule wa kuchungia aliokuja nao kutoka Kongwa. Aliusikiliza kwa shingo iliyoinama upande wa kulia, kinywa wazi kidogo. Alipomaliza alikaa tu, kiganja juu ya sanduku, mpaka adhana ya magharibi ikatoka msikitini, na ni Mwanahawa aliyemgusa bega kumjulisha kwamba kumekuchwa.

Siku ya kuzindua, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama uani. Wenye mabuibui walikuwa wamekuja kuyachukua, wakayakuta yametundikwa vizuri, wakasema yaache kwanza, wakakaa. Mwanahawa alikaa mbele. Picha zilikuwa kwenye kuta katikati ya nguo zile nyeusi, kona ya magharibi iko na mawe yake wazi. Mchungaji Yudith aliomba kwa kifupi, namshukuru kwa hilo. Kisha Lameck akaegemeza marimba tumboni na kuanza, na sisi akina mama tukamfuata na ngoma, taratibu, na ule uvumi ukapanda kwenye dari na kutushukia vichwani. Niliwaona watu wazima wamefumba macho. Nilimwona mama yangu, sisemi uongo, amesimama karibu na mlango na kibuyu chake.

Wimbo ukafika mwisho. Tukanyamazisha ngoma kwa viganja. Watu wakapiga makofi, vigelegele, wanafunzi wakapiga miluzi. Lameck akaendelea kupiga. Nikadhani amenogewa. Watu wakacheka kidogo kwa kumpenda, wakapiga makofi tena, yakaisha, ukumbi ukawa kimya, na yeye bado anapiga, amefumba macho, shingo imeinama kulia. Mchungaji alinyanyuka nusu, akakaa. Elisante akanitazama. Hapo nikaelewa, na siku nyingine ningepiga kelele, ila siku ile mdomo ulinikatalia.

Mwanahawa ndiye aliyekwenda. Alipita upande wa kulia, akainama, akasema neno sikioni. Lameck hakugeuka. Akasema tena. Kisha akaweka kiganja chake juu ya sanduku, karibu na ile ngozi iliyotoka ukutani kwa mama yake, na uvumi ukakatika.

Lameck akafumbua macho. Alitazama viganja vya watu, akatazama vinywa vyetu, akamtazama Mwanahawa.

"Imelia?" aliuliza, kwa ile sauti ya juu isiyojijua.

Mwanahawa akatikisa kichwa kukubali.

"Vilevile? Kama kule kwa mama?"

Akakubali tena, machozi yanamtiririka, na wala hakuyafuta.

"Basi ninayo," alisema Lameck.

Akasogea kidogo kwenye benchi kumpisha. Akaiweka marimba tumboni kwa Mwanahawa, akamshika vidole gumba viwili, akamwonyesha pa kuanzia.